Mvua Ile Ile, Vifo Tofauti

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, kimbunga Idai kilitua karibu na Beira, mji wa bandari wenye watu wapatao nusu milioni katikati ya pwani ya Msumbiji. Upepo uling'oa mabati, ukaangusha nguzo za umeme na minara ya simu, hata ikawa vigumu kwa mtu wa nje kujua kilichotokea. Kisha mito ya Buzi na Pungwe ikavunja kingo zake. Picha za setilaiti zilionyesha nchi kavu imegeuka ziwa. Watu walikaa juu ya miti na mapaa ya shule wakisubiri mitumbwi na helikopta. Msumbiji, Zimbabwe na Malawi kwa pamoja zilipoteza zaidi ya watu 1,000.

Madaktari waliowahi kufanya kazi kwenye mafuriko walijua kinachofuata. Visima vilikuwa vimefunikwa na maji yaliyopita vyooni. Mashine za kusukuma maji ya mji hazikuwa na umeme. Makumi ya vituo vya afya yalikuwa yameharibika, na familia zilikuwa zimebanana madarasani zikigombea choo kimoja. Tarehe 27 Machi kipindupindu kilithibitishwa Beira.

Ugonjwa huu hauna subira. Mtu aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza karibu lita moja ya maji kwa saa, kwa kuharisha na kutapika. Macho humzama, ngozi ya mkono ukiibana haitandazi, sauti hukauka. Aliyeamka mzima anaweza kuzikwa kesho yake. Hata hivyo, tiba yake ni miongoni mwa tiba rahisi kuliko zote: maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi, yaani ORS, na dripu kwa waliozidiwa. Anayefikiwa mapema karibu kila mara hupona.

Beira ilifikiwa mapema. Tarehe 2 Aprili ziliwasili takribani dozi 900,000 za chanjo ya kunywa, kutoka kwenye akiba ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2013 kwa ajili ya dharura za namna hiyo. Kesho yake wahudumu walianza kuchanja, na katika muda wa wiki moja hivi walikuwa wamewafikia watu zaidi ya 800,000. Mahema ya matibabu yalipigwa mjini, malori yakaleta maji yaliyotiwa dawa, na waliojitolea walipita mtaa kwa mtaa wakiwaeleza watu pa kukimbilia. Mlipuko ulipodhibitiwa, wagonjwa walikuwa zaidi ya 6,700. Waliokufa walikuwa wanane.

Mafanikio hayo yalikuwa na mizizi. Miaka 15 kabla ya Idai, mwishoni mwa 2003 na mwanzoni mwa 2004, mtaa wa Esturro mjini humohumo ulikuwa mahali pa kwanza barani Afrika ambapo chanjo ya kunywa ya kipindupindu ilijaribiwa kwa watu wengi kwenye eneo linalosumbuliwa na ugonjwa huo mara kwa mara. Wauguzi na viongozi wa mitaa walikwishaona kazi hiyo inavyofanyika. Lakini kulikuwa pia na sababu nyingine, nayo lazima isemwe: kamera za dunia nzima zilikuwa Beira.

Ng'ambo ya mpaka

Januari 2022 dhoruba Ana ilipita Malawi, na Machi kimbunga Gombe kikafuata. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution, ambao kazi yao ni kupima mchango wa ongezeko la joto duniani katika tukio mojamoja la hali ya hewa, walichunguza dhoruba za msimu ule zilizopiga Madagaska, Msumbiji na Malawi. Walikuta kwamba mvua zake ziliongezwa na mabadiliko ya tabianchi. Utaratibu wenyewe unaeleweka: kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, hewa huweza kubeba takribani asilimia 7 zaidi ya mvuke. Bahari yenye joto hutoa mvuke huo, na dhoruba inapofika nchi kavu huumwaga wote kwa pamoja.

Mwanzoni mwa Machi 2022 kipindupindu kilitangazwa wilaya ya Machinga, kusini mwa Malawi. Kwa kawaida ugonjwa huo huja na masika na kuondoka na kiangazi. Safari hii haukuondoka. Ulitambaa kutoka wilaya za kusini zilizofurika hadi kwa wavuvi na wafanyabiashara wa kandokando ya Ziwa Malawi, ukaingia Blantyre na Lilongwe, na Januari 2023 serikali ikachelewesha kufungua shule katika miji hiyo miwili. Machi mwaka huohuo kimbunga Freddy, kilichozunguka baharini kwa zaidi ya wiki tano, kilipiga kusini mwa nchi na kuporomosha milima juu ya makazi ya Blantyre. Huo ndio mlipuko mkubwa kuliko wote katika historia ya Malawi. Wagonjwa walikaribia 59,000, na waliokufa walizidi 1,700.

Hesabu hiyo inahitaji kutazamwa kwa utulivu. Beira, kati ya kila wagonjwa 1,000, alikufa mmoja. Malawi walikufa 30. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba kipindupindu kikitibiwa ipasavyo hakipaswi kuua hata mmoja katika kila wagonjwa 100, yaani wasizidi 10 katika kila 1,000. Bakteria ni yuleyule, na maji yaliyomsambaza yalitoka katika ukanda uleule wa bahari.

Tofauti ilikuwa kwingine. Idai lilikuwa pigo moja la kutisha lililoonekana, mahali panapofikika kwa ndege na meli. Malawi ilipigwa kidogo kidogo, wilaya baada ya wilaya, mwaka mzima. Watu wengi walifika kituoni wakiwa wamekwisha kukaukiwa, na wengine walifia nyumbani au njiani, kwa sababu kituo kilikuwa mbali au hawakuambiwa mapema kwamba huku si kuharisha kwa kawaida. Juu ya hayo, mwaka 2022 dunia iliishiwa chanjo. Nchi nyingi zilikuwa na milipuko kwa wakati mmoja, na Oktoba kamati ya kimataifa inayogawa akiba ile ilitangaza kwamba badala ya dozi mbili kila mtu angepewa moja. Kufikia mwaka 2024 kiwanda kilichokuwa kikiijaza akiba hiyo kilikuwa kimoja tu, huko Korea Kusini, baada ya mtengenezaji wa India kuacha. Chanjo inayohitajiwa zaidi na watu maskini haina soko linalowavutia wawekezaji, na mbingu zinapobadilika watu haohao ndio wanaoihitaji kila mwaka.

Swali la usawa katika afya liko hapo. Mabadiliko ya tabianchi huongeza hatari, wakati mwingine kwa kiasi kikubwa. Lakini idadi ya wanaokufa, na wanakufa wapi, huamuliwa kwa sehemu kubwa na mambo yaliyopangwa na watu kabla wingu halijatanda: bomba linaishia mtaa gani, nani ana choo kisichofurika, nani anapata taarifa, nani yuko mbele kwenye foleni ya chanjo.

Jinsi mvua inavyoingia kwenye dumu

Dar es Salaam inaonyesha jambo hili kwa karibu. Mto Msimbazi huteremka kutoka vilima vya Pugu, hupokea maji ya vijito kama Ng'ombe, hukatiza Kigogo na kufika Jangwani kabla ya kumwaga maji yake baharini. Ni bonde la mafuriko tangu asili. Watu wamejenga humo kwa sababu ni karibu na Kariakoo, karibu na kibarua, na kwa sababu kiwanja kilichoinuka kina bei isiyofikika. Desemba 2011 mvua kubwa iliua makumi ya watu jijini, na serikali ikawahamishia baadhi ya waathirika Mabwepande, mbali na mji. Baadhi yao baadaye walirudi bondeni. Mabwepande palikuwa pakavu, lakini nauli ya kwenda kutafuta riziki iliwamaliza.

Katika mitaa kama hiyo nyumba nyingi hutumia vyoo vya shimo, na maji ya ardhini yako karibu na uso wa nchi. Shimo likijaa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kulipa gari la kunyonya majitaka, ambalo ni ghali na mara nyingi haliwezi kupita uchochoroni. Ya pili ni kungoja mvua kubwa, kuzibua shimo, na kuyaacha maji ya barabarani yachukue yaliyomo. Wenyeji huita jambo hilo kutapisha choo. Kila mtu wa mtaa anajua jirani anapotapisha, na kila mtu anajua kwamba maji yale yanapita mlangoni kwa mwenzake wa chini. Kumlaumu anayetapisha ni rahisi, ila asiye na fedha ya gari hana chaguo jingine ambalo amepewa.

Wakati huohuo umeme ukikatika au bomba likipasuka, msukumo wa maji hupungua, na bomba lenye tundu lililolala kwenye tope huvuta uchafu ndani badala ya kutoa maji nje. Mama aliyepanga foleni bombani au anayenunua kwa mwenye mkokoteni hana namna ya kujua. Kwa kila lita, mnunuzi wa madumu hulipa zaidi kuliko mwenye mita ndani ya uzio wake. Mkaa wa kuchemshia maji nao hununuliwa. Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015, ukasambaa karibu nchi nzima na kuendelea mwaka uliofuata huku mvua za El Niño zikinyesha, uliwashika zaidi ya watu 20,000. Haukugawanyika sawasawa kati ya Masaki ya wenye uwezo na Manzese ya watu wa kipato kidogo.

Zanzibar imesaidia kupima uhusiano huo kwa namba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliolinganisha kumbukumbu za wagonjwa visiwani na vipimo vya hali ya hewa, ulikuta kwamba joto likipanda kwa nyuzi moja, wagonjwa wa kipindupindu huongezeka maradufu miezi minne baadaye. Mvua ikizidi kwa milimita 200, huongezeka mara 1.6 baada ya miezi miwili. Miezi minne ni muda mrefu. Inatosha kuagiza dawa ya kutibu maji, kufundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kukagua visima na kuzibua mitaro.

Visiwani walikuwa wameanza kujifunza pia kuhusu chanjo. Mwaka 2009 wakazi wa maeneo yaliyochaguliwa Unguja na Pemba walipewa chanjo ya kunywa. Ufuatiliaji ulionyesha kwamba iliwakinga waliochanjwa kwa asilimia 79, na kwamba hata miongoni mwa majirani wasiochanjwa waliougua walipungua pale ambapo wengi walichanjwa. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikaandaa mpango wa miaka kumi, 2018 hadi 2027, wa kutokomeza kipindupindu, na haukuishia kwenye chanjo. Unahusu maji safi, vyoo, usafi na ufuatiliaji wa wagonjwa, kwa kuwa dozi za chanjo hupoteza nguvu baada ya miaka michache wakati bomba zuri hudumu kizazi.

Tahadhari iliyofika Maryland kabla ya Garissa

Si mafuriko yote huleta ugonjwa kwa njia ya maji ya kunywa. Kaskazini mashariki mwa Kenya kuna mabonde madogo yasiyo na njia ya kutolea maji. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wake, na mayai hayo huweza kukaa miaka mingi bila kufa, mengine yakiwa na virusi vya homa ya Bonde la Ufa ndani yake. Mvua ya kawaida hulowesha tu. Mvua za El Niño hujaza mabonde hayo kwa majuma kadhaa, mayai yakaanguliwa kwa pamoja, na mbu wakatoka tayari na ugonjwa.

Wanaoumia kwanza ni mifugo. Kondoo na mbuzi wa zizi zima hutupa mimba kwa siku chache, na watoto wao hufa. Binadamu huambukizwa na mbu, lakini zaidi kwa damu: anayemzalisha mbuzi, anayechinja, anayechuna ngozi. Wengi hupata homa na kupona. Wachache hutokwa na damu, ini huharibika, wengine hupofuka. Virusi hivi vilitambuliwa mara ya kwanza karibu na Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930, na milipuko mikubwa ya Afrika Mashariki imekuwa ikifuata mvua zisizo za kawaida tangu hapo.

Kwa sababu hiyo ugonjwa huu unatabirika. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani, wakiwamo Kenneth Linthicum na Assaf Anyamba, walionyesha kwamba joto la Bahari ya Hindi na Pasifiki, pamoja na picha za setilaiti zinazoonyesha jinsi nyasi zinavyochipua, hutoa ishara kabla ya mlipuko. Mwaka 2006 mfumo huo ulifanya kazi. Kituo cha NASA kilichoko jimbo la Maryland, Marekani, kilitoa tahadhari ya hatari Kenya, Somalia na Tanzania wiki mbili hadi sita kabla ya wagonjwa wa kwanza kuripotiwa.

Wagonjwa walionekana Garissa Desemba 2006. Chanjo ya mifugo ilianza Januari, wakati virusi vimekwishatawanyika, kwani chanjo ya namna hiyo ina maana ikitolewa kabla ya mvua. Mlipuko ulifika Tanzania mwanzoni mwa 2007 na kuiumiza zaidi Dodoma na mikoa ya jirani. Katika nchi hizo tatu watu zaidi ya 1,000 walithibitishwa au kushukiwa kuugua, na zaidi ya 300 walikufa.

Watafiti waliorudi baadaye kuwahoji wafugaji walikuta jambo la kuumiza. Wafugaji walikuwa wameona kila kitu kwa mpangilio: mvua isiyo ya kawaida, kisha makundi ya mbu ambayo hawakuwa wameyazoea, kisha mimba kuharibika, kisha watu kuugua. Kati ya hatua moja na nyingine kulikuwa na majuma. Kompyuta ya Maryland ilijua, na mchungaji wa Ijara, jirani na Garissa, naye alijua. Daktari wa mifugo mwenye mamlaka ya kuagiza chanjo, gari na mafuta ndiye aliyekuwa bila kitu.

Kisha ikaja adhabu ya pili. Ili kuzuia maambukizi, serikali ya Kenya ilipiga marufuku uchinjaji na kufunga minada ya mifugo Garissa na kwingineko. Hatua hiyo ilikuwa na msingi wa kitabibu, lakini hakuna aliyemfidia mwenye mbuzi, mchinjaji, mwenye bucha wala mama anayeuza maziwa ya ngamia. Wachumi waliokadiria hasara ya mlipuko ule nchini Kenya walifikia takribani dola milioni 32. Mfugaji aliyenyimwa soko na ambaye mbuzi wake wametupa mimba anaingia ukame unaofuata bila akiba yoyote.

Na ukame ulifuata. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana katika Pembe ya Afrika. World Weather Attribution ilikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa ukame wa namna ile kwa angalau mara 100, hasa kwa sababu joto hukausha udongo hata pale mvua kidogo inaponyesha. Nchini Somalia, ripoti iliyotolewa Machi 2023 na wizara ya afya ya nchi hiyo pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ilikadiria vifo vya ziada 43,000 katika mwaka 2022 pekee. Nusu yao huenda walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi wa watoto hao hawakufa kwa njaa tupu. Walikufa kwa surua, kuharisha na nimonia, magonjwa ambayo mwili ulioshiba humudu. Mwishoni mwa 2023 El Niño ikarudi, na ardhi ileile ikafurika.

Vifo visivyoandikwa

Joto lenyewe huua, na huua kimyakimya kuliko mafuriko. Moyo husukuma damu kwa nguvu ili kupoza ngozi, figo hukosa maji, na mzee mwenye shinikizo la damu au kisukari hushindwa kabla ya kijana. Cheti cha kifo husema kiharusi au moyo. Neno joto halionekani popote.

Mwaka 2020 watafiti Luke Harrington na Friederike Otto walipekua hifadhi kuu ya dunia ya kumbukumbu za majanga. Kwa Ulaya, tangu 1980, walikuta mawimbi ya joto 83 na vifo zaidi ya 140,000. Kwa Afrika kusini mwa Sahara, tangu mwaka 1900, walikuta mawimbi mawili na vifo 71. Hakuna anayeamini kwamba Sudan, Chad na Tanzania zimepoteza watu 71 kwa joto katika zaidi ya karne moja. Kilichokosekana ni wa kuhesabu. Waziri wa fedha hawezi kutenga bajeti kwa tatizo ambalo kwenye karatasi halipo.

Hata palipo na hesabu, joto huchagua. Julai 1995 Chicago ilifikia takribani nyuzi 41, na wiki ile jiji lilikuwa na vifo vya ziada 739. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alilinganisha mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale. Yote miwili ilikuwa na umaskini na wazee wengi wanaoishi peke yao. Lakini kiwango cha vifo North Lawndale kilikuwa mara kumi ya jirani yake. South Lawndale ilikuwa na maduka, masoko na watu barabarani, hivyo mzee alikuwa na pa kwenda na mtu wa kumwulizia. North Lawndale, mtaa wa Wamarekani weusi uliohamwa na viwanda na wenye duka, ulikuwa na viwanja vitupu, na wazee walijifungia ndani madirisha yakiwa yamefungwa kwa hofu.

Jiji la Ahmedabad nchini India lilijifunza kwa machungu kama hayo. Mei 2010 joto lilifika nyuzi 46.8, na mwezi huo vifo vilizidi vya kawaida kwa 1,344. Katika hospitali moja ya umma madaktari waligundua kwamba watoto wachanga wengi walikuwa wakiletwa wakiwa na homa isiyotokana na maambukizi. Wodi ya wazazi ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa linalopigwa na jua siku nzima. Wodi ikashushwa ghorofa ya chini, na idadi ya wachanga waliolazwa kwa joto ikapungua sana. Hapakununuliwa mashine yoyote.

Mwaka 2013 jiji hilo likaanzisha mpango wa kukabili joto, wa kwanza Asia Kusini. Utabiri ukivuka kiwango fulani, ujumbe hutumwa kwa simu, hospitali huandaa barafu na vitanda, bustani huachwa wazi mchana, maji ya kunywa huwekwa vituoni, na mapaa ya mabati ya mitaa duni hupakwa chokaa nyeupe. Tathmini ya miaka ya mwanzo ilikadiria kwamba mpango ulizuia vifo zaidi ya 1,000 kwa mwaka.

Afrika Mashariki mambo hayo yangehusu watu wanaojulikana: kijana wa bodaboda aliye juani saa kumi, mama lishe kati ya jiko la mkaa na paa la bati, mjamzito anayepalilia mpunga, mwanafunzi katika darasa la watu 100 lisilo na dari. Machi 2024 Sudan Kusini ilifunga shule zote kwa sababu joto lilitarajiwa kufika nyuzi 45. Kufunga kulizuia watoto kuzimia darasani, lakini wengi walirudi kwenye nyumba za mabati zenye joto zaidi, na uji wa shule ukakosekana.

Hanang na Dubai, siku moja

Tarehe 3 Desemba 2023, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi huko Dubai ulikuwa na siku maalumu ya afya, ya kwanza katika historia ya mikutano hiyo. Alfajiri ya siku hiyohiyo, baada ya mvua za El Niño, tope na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh mkoani Manyara. Zaidi ya watu 80 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai, alikatisha ziara na kurudi nyumbani.

Bara lote la Afrika huchangia chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani. Mfuko wa hasara na uharibifu unaotokana na mabadiliko ya tabianchi, uliokubaliwa kwenye mkutano wa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, uliahidiwa takribani dola milioni 700 huko Dubai, fedha ambazo hazitoshi hata janga moja kubwa. Madai ya nchi zetu za kusini kwamba aliyechafua alipe ni ya haki na yanapaswa kuendelea kwa sauti kubwa zaidi. Vilevile ni kweli kwamba yaliyookoa watu Beira, Unguja na Ahmedabad hayakungoja mfuko huo. Kampuni ya Biovac ya Cape Town ilitia saini mwaka 2022 mkataba wa kupokea teknolojia ya kutengeneza chanjo ya kipindupindu, ili foleni ya akiba ya dunia isiwe tegemeo pekee. Halmashauri inaweza kumlipia mwenye nyumba ya bondeni gari la majitaka kwa gharama ndogo kuliko kambi ya kipindupindu. Ofisi ya mifugo inaweza kupewa mafuta na chanjo mara utabiri unapotoka, na mfugaji akaahidiwa fidia kabla mnada haujafungwa. Hospitali ya wilaya inaweza kuandika joto la siku kwenye daftari la vifo.

Mamlaka za hali ya hewa za kanda hutoa utabiri wa vuli kati ya Agosti na Septemba, na mvua zenyewe huanza Oktoba. Kazi hizo zote zinahitaji kufanyika ndani ya majuma hayo, zikianzia kwenye mitaa iliyofurika mara ya mwisho.